Meli Iliyoitwa Kamanyola

Kamanyola haina bandari. Ina mto Ruzizi, unaoteremka kwa papara kutoka ziwa Kivu kwenda Tanganyika bila kubeba chombo cha maana. Ina soko la nyanya na mihogo, ina mpaka wa Rwanda pale Bugarama, na Burundi iko jirani kabisa. Mtu anaweza kuzaliwa hapa na kuzeeka hapa, na meli akaiona kwenye kalenda tu. Hata hivyo, kwa miaka mingi jina la mji huu mdogo lilibebwa na meli ya anasa upande wa pili wa nchi, kwenye mto Kongo.

Mwenye meli alikuwa Mobutu. Mwaka 1964 jeshi lilipambana na waasi hapa Kamanyola, naye alipopata urais akaugeuza ushindi ule kuwa hirizi yake. Divisheni ya jeshi iliyofundishwa na Wakorea Kaskazini ikaitwa Kamanyola. Uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa ukaitwa Kamanyola, mpaka alipoanguka mwaka 1997 ndipo ukabatizwa Stade des Martyrs. Meli yake nayo ikapewa jina hilo hilo. Alipokea humo wageni wa nchi za nje, na miaka ya mwanzo ya 1990, watu wa Kinshasa walipokuwa wamemchoka, alipenda kukaa majini kuliko mjini. Watu wa Kamanyola yenyewe hawakualikwa.

Kisa hiki kiliwachekesha abiria wote wa gari tulilopanda kwenda Uvira. Nyuma tulibanana wanne, pamoja na jogoo wa mama mmoja wa Luvungi. Hiyo ilikuwa kabla ya Februari 2025, mwezi ambao waasi wa M23 waliingia Kamanyola; siku zile usumbufu wa barabara hii ulikuwa mashimo, vumbi na bariera. Jirani yangu alikuwa kijana mpiga gitaa. Gitaa lenyewe alilifunga kwa kitenge, akalibana katikati ya magoti, na kila gari liliporuka shimo alilikumbatia kabla ya kujishika mwenyewe.

Kelele za kicheko zilipopungua, alitoa simu. “Papa, soma kwanza hapa, uniambie kama hii kazi njo ya kweli.”

Ujumbe ulikuwa wa Kifaransa kizuri. Walitafutwa wapiga gitaa wa kuburudisha abiria kwenye meli ya utalii: Barcelona, Marseille, Civitavecchia, Piraeus. Mkataba wa miezi saba, chakula na malazi bure. Mwombaji alitakiwa kutuma dola 350 za dosiye kwa simu, kabla ya Ijumaa. Chini palikuwa na picha ya meli nyeupe yenye ghorofa nyingi kuliko jengo lolote la Bukavu.

Kazi yenyewe ni ya kweli. Kila jioni, kwenye mamia ya meli za namna ile, kuna mtu anapiga gitaa, piano au tarumbeta mbele ya watalii wanaokula. Wengi wa wanamuziki hao huajiriwa kwa mikataba ya miezi, wakalala wawili wawili kwenye vyumba vidogo vya chini visivyo na dirisha, na kabla ya kupiga wimbo hata mmoja hufundishwa kuvaa boya, kuzima moto na kuwaongoza abiria kwenye mashua za kuokolea. Rumba haiombwi sana. Mtalii wa Kijerumani wa miaka sabini anataka nyimbo alizochezea ujanani mwake, na mpigaji lazima azijue kwa moyo, ahame kutoka moja hadi nyingine bila kusita, kisha arudie usiku wa pili kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Na Ulaya? Ulaya ya mwanamuziki wa meli ni ya saa chache. Meli hufunga gati asubuhi na kuondoka jioni. Tangazo likisema Roma, meli inasimama Civitavecchia, mji wa bandari ulio kilomita zaidi ya 70 kutoka Roma. Treni peke yake ni kama saa nzima kwenda na saa nyingine kurudi. Anayetakiwa kwenye mazoezi saa tisa hapati muda wa kuhangaika na Koloseo. Anakaa kwenye mkahawa wa karibu na gati, ananunua kahawa moja ili apate intaneti, anapiga simu nyumbani. Anayechelewa huachwa, kwa sababu meli yenye maelfu ya watu haimsubiri mpiga gitaa. Mwenye pasipoti ya Kongo ana mlima mwingine pia: viza ya Schengen.

Kijana alisikiliza haya yote, wala hayakumkatisha tamaa. Chumba bila dirisha? Hapo Kamanyola wanalala wanne. Nyimbo za wazee wa Kijerumani? Kanisani anapiga nyimbo za wazee wa Kiswidi kila Jumapili. Nilipenda majibu yake. Kilichobaki kujadili kilikuwa zile dola 350, na hapo sheria iko wazi kuliko watu wengi wanavyodhani. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika tarehe 20 Agosti 2013, unakataza kumtoza mfanyakazi ada ya kumtafutia kazi melini. Gharama anazoweza kubeba mwenyewe ni za cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti au hati kama hiyo. Viza ni juu ya mwenye meli. Nauli ya kumrudisha nyumbani mkataba ukiisha ni juu ya mwenye meli pia. Neno dosiye halimo.

Bwegera, Luberizi, Sange. Mama wa Luvungi alikuwa ameshashuka na jogoo wake, tukapata pa kunyoosha mguu. Upande wa kulia milima ilisimama kama ukuta, kushoto tambarare ya mpunga na ng'ombe ikaenda hadi Ruzizi. Nikamsimulia kijana habari za Wendo Kolosoy, maana si haki mpiga gitaa wa Kongo aende kuomba kazi melini akidhani ni mambo ya Wazungu.

Wendo alizaliwa Mushie mwaka 1925 na akabaki yatima akiwa mdogo. Kuanzia 1941 hadi 1946 alifanya kazi kama fundi wa mitambo kwenye meli za mto Kongo. Safari za mto ule ni za siku nyingi, mizigo juu ya mizigo, mbuzi, samaki wa moshi, watoto. Fundi wetu alikuwa na gitaa, na abiria wakawa hadhira yake kabla hajajulikana Léopoldville. Mwaka 1948 alirekodi “Marie-Louise” na Henri Bowane kwa lebo ya Ngoma, wimbo uliosemwa kwamba ukipigwa usiku wa manane unafufua wafu. Baadaye alinyamaza kwa miaka mingi, akarudi jukwaani miaka ya 1990, na uzeeni akaenda kupiga Ulaya. Alifariki Kinshasa mwaka 2008. Gitaa lenyewe linadaiwa sana na mabaharia: Wakru wa Liberia, waliokuwa wakifanya kazi kwenye meli za Wazungu, ndio waliosambaza mtindo wao wa kupiga kwa vidole viwili kwenye bandari za Afrika Magharibi, na mabaharia kama hao wakashuka pia na ala zao kwenye bandari za Kongo.

“Na Wendo, yeye alilipa dosiye?”

“Alitengeneza mashine.”

Alicheka, kisha akauliza kama kuna mwanamuziki yeyote wa meli aliyewahi kutendewa haki. Swali zuri, na jibu la kwanza lililonijia halikuwa la kumtia moyo. Wale wanamuziki wanane wa Titanic, wakiongozwa na Wallace Hartley, hawakuajiriwa na kampuni ya meli moja kwa moja bali na wakala wa Liverpool, na walisafiri kwa tiketi ya daraja la pili. Walipiga hadi meli ikazama Aprili 1912. Kabla mwezi ule haujaisha, wakala akampelekea baba wa mmoja wao, mpiga fidla Jock Hume, bili ya sare ambayo marehemu alikuwa hajamaliza kuilipa. Mambo ya wakala hayakuanza na simu.

Baada ya mashamba ya miwa ya Kiliba, ziwa lilitokea. Watu wa Uvira wamelizoea, lakini anayetoka bondeni huliona kila mara kama jambo jipya: maji bila mwisho kusini, na Bujumbura inang'aa ng'ambo. Kwenye maji haya ndipo bandari za Ulaya zinapotukaribia kuliko tunavyofikiri. Meli kongwe ya ziwa, Liemba, ilitengenezwa mwaka 1913 na kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani, ikiitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande, ikatiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, na mafundi wa kiwanda wakaja kuiunga upya. Iliteremshwa majini Februari 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili adui asiipate, mashine zikiwa zimepakwa grisi. Waingereza wakaja kuiibua, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina jipya.

Kiwanda kile, kilichoanzishwa mwaka 1795, leo kinajulikana duniani kwa kuunda meli za utalii. AIDAnova, waliyoikabidhi mwaka 2018, ina urefu wa mita 337. Liemba ina kama 71. Papenburg haiko pwani. Meli ikikamilika, mto Ems hukingwa maji yajae, na jitu hilo hushushwa polepole hadi bahari ya Kaskazini, likitanguliza tezi, huku watu wamejipanga kingo zote mbili kulitazama. Kwa hiyo ile meli nyeupe ya kwenye simu huenda ni mdogo wake Liemba. Picha ilikuwa imekatwa mahali pa jina, hatukuweza kuhakikisha.

Uvira inaijua Liemba vizuri. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa liliitumia kurudisha watu zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma hadi hapa, kwa safari 22. Hakukuwa na mpiga gitaa aliyelipwa, ila nina hakika watu waliimba.

Tulishuka mjini, tukachukua moto hadi Kalundu. Bandari hii ilifunikwa na maji mwaka 2024 ziwa lilipofurika, na alama za tope zilikuwa bado kutani. Wapakizi walikuwa wakipandisha simenti na sukari kwenye boti za mbao za kwenda Baraka na Kalemie. Mama mmoja aliuza ndagala kavu kwa kikombe, na muziki ulitoka kwenye redio mbili zilizokuwa zikigombana.

Kijana alikaa juu ya gunia akaandika jibu, kwa Kifaransa kizuri kama kile kile walichomwandikia. Aliuliza mambo matatu: meli inaitwaje, ina bendera ya nchi gani, na nani ataweka sahihi kwenye mkataba. Jibu lilifika kabla hatujamaliza soda. Jina la meli halikuwemo, wala bendera. Dosiye ilikuwa imeshuka hadi dola 200, kwa leo tu, na mwishoni palikuwa na maua ya rangi.

Hakutuma pesa, wala hakufuta ujumbe. “Nitangoja waniambie mia,” alisema, “nione wanaishiaga wapi.”

Alikuwa anaenda Baraka kupiga kwenye harusi. Baba wa bibi harusi alikuwa ameshamtumia nusu ya malipo, nusu nyingine ingetolewa kabla ya maharusi kuingia ukumbini. Alikunja suruali, akaingia majini hadi magotini, gitaa kichwani, akamuuliza mwenye boti kama ala inalipiwa mzigo.

Inalipiwa, alijibiwa, faranga elfu mbili. Wakaanza kubishana bei.