Niliyoyaona Tanga

Msomaji mpenzi, mimi ni mwalimu wa shule huko Kinna, katika kaunti ya Isiolo, ambako mali ya mtu huhesabiwa kwa ng'ombe na ngamia. Huenda ukauliza: mtu wa bara anayo haki gani ya kunena habari za mji wa pwani? Haki yangu ni moja. Mji wa Tanga niliuonea wivu kabla sijauona, na maneno yangu mwenyewe yalimponza mwanafunzi wangu.

Mwaka 2015 nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu juzi juzi. Serikali za Kenya na Uganda zilikubaliana kuwa mafuta ya Uganda yapite kaskazini ya Kenya mpaka Lamu. Nikawaambia wanafunzi kwamba neema yaja mlangoni. Kijana mmoja, hodari wa hesabu, aliyaamini maneno hayo kupita kiasi. Aliacha shule, akaenda mjini Isiolo kungoja kazi ya bomba. Aprili 2016 Uganda ikachagua njia ya Tanga. Bomba halikuja, wala kijana hakurudi darasani.

Likizo moja nilifunga safari kwenda kuutazama mji uliotushinda. Kutoka Mombasa nilishika njia ya kusini hadi Lunga Lunga, nikavuka mpaka, nikaingia Horohoro upande wa Tanzania. Na baada ya saa moja na kitu nikawa Tanga. Niliona ghuba iliyotulia, mitaa iliyonyooka, na baiskeli nyingi kuliko nilizopata kuona mahali pengine. Sehemu moja ya mji huitwa Ngamiani, na barabara zake hutajwa kwa nambari. Jina hilo lilinichekesha: nimekwenda mbali kote huko, kumbe nimefika penye ngamia!

Mji huu umepata kuonja neema zamani. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga kwenda bara, nayo ikafika Moshi mwaka 1911. Mwaka huo huo wa 1893, Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyosalimika ilikuwa 62 tu. Kwa miche hiyo michache yalizaliwa mashamba makubwa, hata mapema katika miaka ya 1960 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na bandari ya Tanga ilisitawi kwa shehena zake. Kisha zikaja kamba zinazotengenezwa viwandani kutokana na mafuta ya petroli. Bei ya mkonge ikaanguka, na mashamba mengi yakageuka vichaka.

Mzee mmoja aliyekata mkonge ujanani alinikaribisha barazani kwake. Nilimweleza habari za kijana wangu. Akasema, "Mwalimu, mkonge ulipoanguka, walioumia zaidi ni sisi tusiojua kazi nyingine. Wenye ufundi walihama na ufundi wao."

Leo mji unakua tena. Ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2005. Watu wake walikuwa kama 273,000 mwaka 2012, nao wakazidi 390,000 katika hesabu ya mwaka 2022. Mwisho wa bomba la kilometa 1,443 kutoka Hoima umewekwa Chongoleani, kando ya bahari. Mafuta yale yale yaliyouangusha mkonge sasa ndiyo tumaini la mji! Nilipoyawaza hayo, wivu wangu ulipoa.

Niliporudi nilimtafuta kijana. Nilimkuta sokoni Isiolo akipakia magunia. Nikamtaka radhi. Aliniamkia kwa heshima, kisha akauliza, "Mwalimu, kama bomba lingepita kwetu, mimi ningefanya kazi gani?"

Jibu nililijua, lakini lilinikwama kooni: angepakia magunia.

Tangu siku ile habari za njia na bandari nazifundisha kwa namna nyingine. Msomaji, neema ikielekea kwenu, ifungulieni mlango. Lakini usiache kitabu ili kuingoja. Ikija, itakuuliza unajua nini. Na ikipita kwa jirani, utabaki na ulichojua.