Daftari la Wanafunzi Wetu Lilivyohama Kompyuta

Katika jarida hili tumezoea kuandika habari za mitihani na mashindano ya kuhifadhi. Safari hii ofisi imetuomba tuandike habari ya kompyuta, maana wazazi wengi wameuliza: ile mashine kuukuu ya ofisini Kibaha imekwenda wapi, na majina ya watoto waliopita je, yamekwenda nayo? Swali hilo ni la haki. Sisi tuandikao haya tumesomea stashahada ya masomo ya Kiislamu, si ya kompyuta, kwa hiyo tutaeleza kwa lugha ambayo hata sisi tuliielewa.

Mashine ile ilikuwa ikitumia Windows XP, mfumo endeshi uliotoka mwaka 2001. Kwa wale wadogo, mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayoamka kwanza unapowasha kompyuta, nayo ndiyo inayozipa nafasi programu nyingine zote. Kampuni iliyouunda iliacha kuutolea marekebisho ya usalama kwa watu wote tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ikafikia ukomo wake tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa muda. Mashine yetu yenyewe haikujua habari hizo. Iliendelea kuamka kila asubuhi ikinguruma kama kinu, na ilikuwa na kazi moja tu, kutunza daftari la wanafunzi. Betri yake ndogo ya saa ilikuwa imekufa, basi kila umeme ulipokatika tarehe ilirudi nyuma miaka mingi. Kabla ya kuchapa cheti ilibidi kwanza mtu aketi aisahihishe saa, la sivyo mtoto angehitimu kabla hajazaliwa.

Daftari hilo lilitengenezwa kwa programu ya Access 97 na Maalim wetu ambaye sasa ni marehemu, Allah amrehemu. Lilikuwa na jina la mtoto, jina la mzazi, mtaa, mwaka wa kuingia, juzuu alizofikia na tarehe ya kuhitimu. Mwishoni kulikuwa na safu ya maelezo, na hapo Maalim aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wa pwani kwa karne nyingi. Sehemu nyingine zote mtu angeweza kuziandika upya akipata karatasi za zamani. Hiyo ya maelezo haikuwa na nakala popote.

Wazazi walipochanga na kununua kompyuta mpakato mpya, fundi mmoja tuliyemwita alitushauri tuifute ile ya zamani, tuigawe, tuanze daftari jipya. Alisema kwa nia njema. Alisema vilevile kwamba hakuna anayehitaji majina ya watu wazima.

Wiki ileile alikuja binti mmoja, sasa ni mama wa watoto wawili. Alisoma kwetu tangu utotoni hadi akahitimu. Nyumba yao iliingiliwa na maji ya mvua, na vyeti vyake vyote vikaoza ndani ya sanduku. Alikuwa ameomba kazi ya kufundisha watoto wadogo, na mwajiri alitaka uthibitisho kwamba alihitimu madrasa. Walimu waliomfundisha, mmoja amefariki na mwingine amehama, hatujui aliko. Hapakuwa na shahidi mwingine ila ile mashine inayonguruma. Tukamwambia, "Dada, tupe siku chache." Fundi naye tukamwomba asubiri.

Hapa ndipo tulipojifunza jambo tunalotaka wanafunzi wetu walishike. Programu ni kitu kimoja, na kilichoandikwa ndani yake ni kitu kingine. Tukiweza kuyatoa maandishi tukayaweka mahali ambapo programu yoyote inayasoma, basi ile programu ya zamani tunaweza kuiaga kwa heshima. Ila tukilinakili faili lenyewe na kulipeleka kwenye mashine mpya, halifunguki. Access za kuanzia mwaka 2013 hazisomi mafaili ya Access 97. Iliyoweza kuyafungua na kuyageuza ni ile ya 2010 na za kabla yake. Kwa hiyo mtu anayeahirisha kuhama, akisema atahama vizazi viwili vya mbele kwa mkupuo mmoja, hukuta daraja la katikati limeondolewa.

Njia tuliyoifuata ilikuwa hii. Hatukuiondoa ile mashine, bali tuliitumia yenyewe kwa mara ya mwisho. Tulilifungua daftari ndani ya Access 97, tukaiamuru itoe kila kitu kama maandishi matupu, mstari mmoja kwa kila mtoto, na koma kati ya jina na jina. Faili la namna hiyo halina urembo wowote, lakini linasomeka na kila kompyuta. Tukalibeba kwa flashi hadi kwenye mashine mpya, tukalifungua kwa LibreOffice, programu isiyouzwa.

Majina yakatokea sawasawa. Lakini safu ya maelezo ikaja imejaa vitu vya ajabu. Neno "alhamdu" lilionekana hivi: ÇáÍãÏ. Ukurasa mzima ulikuwa hivyo, na mwenzetu mmoja akasema basi, sehemu hiyo imeharibika, tuifute.

Haikuwa imeharibika. Kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi namba, kisha hutazama orodha inayoeleza namba ipi ni herufi ipi. Zamani kila jamii ya lugha ilikuwa na orodha yake. Maalim aliandika kwa orodha ya Kiarabu inayoitwa Windows-1256, na mashine mpya ilizisoma namba zilezile kwa orodha ya Kizungu. Ndiyo maana alifu ikawa Ç na lamu ikawa á. Siku hizi dunia inatumia orodha moja kwa lugha zote, iitwayo Unicode, na Access 97 ilitengenezwa kabla Access haijaanza kuitumia. Dawa yake ni nyepesi kuliko maelezo yake: LibreOffice inapofungua faili la maandishi huuliza yameandikwa kwa orodha gani. Tulichagua Kiarabu, Windows-1256, tukabonyeza, na mwandiko wa Maalim ukarudi wote mbele ya macho yetu, pamoja na pe na che zake zenye nukta tatu. Kisha tukahifadhi upya kwa Unicode.

Tulimtafuta yule binti. Kwenye maelezo yake Maalim alikuwa ameandika kwamba sauti yake ni ndogo lakini hakosei, na abakishwe alasiri awasaidie watoto wa alifu. Tulimchapia uthibitisho, na maneno hayo tukamnakilia pembeni kwa mkono. Aliyasoma amesimama mlangoni, akatuomba kiti.

Kwa kuwa tumetaja LibreOffice, kuna jambo moja la kutupa fahari sisi Watanzania. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyokuwa ikizungumza Kiswahili, hata vitufe vyake. Mwalimu mmoja wetu aliipenda sana na akaandikia humo masomo ya fikihi ya darasa la pili, mafaili yanayoishia na herufi sxw. Programu hiyo yenyewe haitumiki tena kwetu. Lakini tulipoyajaribu mafaili yake kwenye LibreOffice mpya, yakafunguka bila tabu, kwa sababu namna yalivyoandikwa ilitangazwa wazi tangu mwanzo, na mtu yeyote angeweza kutengeneza programu ya kuyasoma. Hatusemi kwamba programu za kuuza ni mbaya, tunazitumia. Ila kwa daftari la wanafunzi, ambalo ni amana, tumeamua kuanzia sasa liwe katika faili la aina hiyo iliyo wazi.

Ama Kisarawe, mambo yalikuwa magumu zaidi. Tawi letu la huko lina programu ya miaka ya 1990 iliyokuja kwa CD, ya kufundishia makharija na hukumu za tajwidi. Mtoto anabonyeza herufi, anaona picha ya koo na ulimi, anasikia msomaji akiitamka. Tumeona programu nyingi za simu tangu hapo, nzuri kwa rangi, lakini kwa dhadi na dha hatujaona inayowafaa watoto wetu kama ile. Huku huwezi kutoa maandishi ukaiacha programu. Programu yenyewe ndiyo somo.

Ilikuwa ikiishi kwenye mashine ya Windows 7 ya biti 32. Tulifunga safari kutoka Kibaha, tukashuka Mbezi, tukazunguka hadi Gongo la Mboto, tukapanda vilima vya Pugu mpaka Kisarawe, kompyuta mpakato mpya tumeipakata kama mtoto mchanga. Mashine hiyo mpya ni ya Windows 11, ambayo hutolewa kwa biti 64 peke yake. Tukajaribu kuisakinisha programu ya tajwidi, yaani kuiweka ndani ya kompyuta, na ikagoma palepale. Sababu yake inachekesha kidogo. Programu yenyewe ni ya biti 32, na Windows mpya inaikubali. Kinachokataliwa ni kile kijiprogramu cha kuisakinisha, ambacho ni cha biti 16, na Windows za biti 64 haziendeshi kazi za biti 16. Mwenye nyumba anamkaribisha mgeni, ila mlango umejengwa mfupi. Tulijaribu kuinakili folda nzima kutoka mashine ya zamani bila kupita mlangoni. Ikafunguka, picha ya ulimi ikaonekana, lakini haikutoa sauti, na programu ya tajwidi isiyo na sauti ni kama muadhini aliyefumba mdomo.

Mwishowe tulifanya hivi. Kuna programu isiyouzwa iitwayo VirtualBox, inayojenga kompyuta ya kubuni ndani ya kompyuta halisi. Ukiifungua ni kama dirisha, na ndani ya dirisha hilo unaweka mfumo endeshi wa zamani, nao unaamini uko kwenye mashine yake wenyewe. Ofisi ilikuwa na nakala ya Windows XP yenye leseni, bado ndani ya kasha lake. Tuliiweka humo, tukaitengea kumbukumbu ya megabaiti 512 tu, na XP inatosheka nayo kabisa. Mashine mpya haina mahali pa kutia CD, kwa hiyo CD tuliinakili yote kuwa faili moja kwenye ile ya zamani, baada ya kuifuta vumbi kwa kitambaa laini, kwani ilikuwa na mikwaruzo. Programu ikasakinishwa, na sauti ikatoka.

Watoto wa Kisarawe walikusanyika. Picha ya kwanza waliyoiona ni ile maarufu ya XP, kilima cha kijani chini ya mbingu ya buluu. Ni picha halisi, ilipigwa California, Marekani, mwaka 1996, na mpiga picha Charles O'Rear. Mtoto mmoja akauliza, "Ustadh, hapa si Pugu?" Tukamwambia wakati wa masika panafanana.

Sharti moja tumeliweka kwenye dirisha hilo, nalo wanafunzi wakubwa wasijaribu kulivunja: halina intaneti. Tumeikata tangu siku ya kwanza. Mfumo usiotolewa marekebisho ni nyumba ambayo kitasa chake kila mwizi anaujua ufunguo wake. Tarehe 12 Mei 2017 virusi viitwavyo WannaCry vilienea katika nchi zaidi ya 150, vikafunga mafaili ya watu na kudai fedha, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Marekebisho ya kuziba tundu hilo yalikuwa yametolewa Machi mwaka uleule, lakini mashine nyingi hazikuwa zimewekewa. Kwa hiyo mfumo wa zamani tunaufungia chumbani, unasomesha tajwidi, hautoki nje.

Imebaki habari ya ulinzi. Baadhi ya wazazi wamependekeza tubandike daftari lote ukutani ili kila mtu ahakiki jina. Tunashukuru kwa rai hiyo, ila hatutafanya hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatutaka tuzitunze habari za watu kwa uangalifu, na hata bila sheria, maelezo ya Maalim juu ya mtoto fulani hayamhusu jirani yake. Daftari sasa lina nakala tatu: moja kwenye kompyuta mpya ya Kibaha, moja kwenye diski ya nje iliyo Kisarawe, na moja imechapwa kwenye karatasi na kufungiwa kabatini kwa Mudir. Faili la dirisha la XP nalo limenakiliwa pande zote mbili. Diski ya ile mashine ya Kibaha hatukuifuta. Tumeichomoa, tukaifunga kwa kitambaa, nayo iko katika kabati hilohilo.

Ile sura ya cheti cha zamani, yenye ukingo wa nyota, haikuhamishika na tumeichora upya. Vilevile majina machache yana mwaka wa kuzaliwa usioeleweka. Waliosoma Kibaha zamani, au wazazi wao, tunawaomba wafike ofisini Jumamosi baada ya alasiri, kila mmoja ataoneshwa mstari wake peke yake. Anayeishi Kisarawe asipate taabu ya kupanda magari matatu, amwone Ustadh wa tawi, diski anayo.