Matogoro: tulipokwenda kuyatazama maji ya udhu wetu

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwezi Juni, baridi ya Songea ikiwa imekaza, msikiti wetu ulifikiwa na mzee mmoja, mzaliwa wa hapa, aliyeishi Maskati zaidi ya miaka thelathini. Baada ya Swala ya Alfajiri alituuliza sisi wanakamati swali jepesi: maji haya tunayotawadhia yanatoka wapi? Tukamwonesha bomba. Akatabasamu. "Wanangu, bomba nimeliona. Nauliza yanakotoka."

Tuliona haya. Wengi wetu tumezaliwa na kukulia chini ya milima ya Matogoro, na hakuna aliyewahi kuipanda kwa matembezi. Tukaomba ruhusa kwa wahusika wa msitu, na Jumamosi iliyofuata tukatoka kuelekea mashariki ya mji: wanakamati watatu, vijana wanne wa madrasa, na mzee wetu na fimbo yake.

Njiani alitusimulia habari za Maskati. Mji ule umebanwa baina ya bahari na majabali makavu, na kiangazi joto lake hupita nyuzi 40. Hata hivyo watu wake hutembea. Miezi ya baridi huifuata njia ya kale ya miguu itokayo Riyam, ikapanda majabali na kuteremkia Matrah penye soko. Jioni familia hutandika mikeka katika bustani ya Qurum, juu ya majani yaliyopandwa na kumwagiliwa kwa mkono wa binadamu. Maji ya mji huo kwa sehemu kubwa ni ya bahari, yaliyotolewa chumvi mitamboni. Huko bara vijiji vingi huishi kwa aflaji, mifereji ya kale ambayo mitano kati yake iliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kila mwenye shamba hupata maji kwa zamu, na zamani zamu zilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku.

"Kule maji yana hesabu," alisema mzee. "Mtoto huijua hesabu hiyo kabla hajaota ndevu."

Sisi tumepewa bila hesabu. Katika milima hii ndimo unamoanzia mto Ruvuma, uliolipa jina mkoa wetu. Husafiri takriban kilomita 800, sehemu kubwa ukiwa mpaka wetu na Msumbiji, hadi kuingia Bahari ya Hindi. Mto Luhira nao huteremka kutoka huku, na jina lake limepewa bustani ya wanyamapori iliyomo ndani ya manispaa yetu, ambayo wengi wetu huipita tu tukienda kwenye shughuli. Ndani ya miombo umande ulitulowesha kanzu hadi magotini. Tulipofika penye kijito, mzee akachota kopo moja, akatawadha, na maji yakabaki. Mabaki akayamimina kwenye shina la mti, kisha tukaswali Dhuha.

Hatua chache mbele tulikuta visiki vibichi na tanuri la mkaa lililokwisha kupoa. Tulianza kuwalaani waliofanya hivyo. Ndipo kijana mmoja, kwa adabu na sauti ya chini, akasema, "Ustadh, magunia ya Ramadhani yalitoka huku."

Tulinyamaza. Mkaa uliopikia uji wa futari tuliununua sisi. Stakabadhi tuliiandika kwa mkono wetu. Bei ilikuwa nzuri, na hatukuuliza mti umekatwa wapi. Tunawafundisha watoto kwamba Mtume (S.A.W) alikataza israfu ya maji hata kwa mwenye kutawadha kandokando ya mto, kumbe fedha za waumini zinaugusa mto wenyewe kwenye chimbuko lake. Mzee hakutulaumu. Alisema tu kwamba aliyeukata mti ana njaa, na aliyeununua ana daftari, na katika wawili hao mwenye daftari ndiye mwenye hesabu nzito.

Tulipokuwa tukishuka, mji ulitandazika chini yetu, nasi tukauona kama wageni. Adhuhuri tulipofika msikitini, jambo la kwanza tuliloliona lilikuwa bomba la udhu linalovuja, ambalo tulilizoea kwa miezi. Lilitengenezwa kabla ya Alasiri.

Kamati imekaa na kuamua mambo mawili. Kwanza, hatutanunua tena mkaa usiojulikana ulikotoka, hata ukiwa wa bei nafuu, na tumeanza kuchangishana kwa ajili ya jiko la gesi la futari. Pili, kila mwisho wa mwezi patakuwa na matembezi. Akina mama walituuliza kwa nini tulikwenda peke yetu, na hatukuwa na jibu. Safari ijayo ni ya familia. Tutakwenda Luhira, kisha mwezi utakaofuata tutatembea hadi Makumbusho ya Majimaji pale Mahenge, watoto wawajue mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906.

Ndugu msomaji, popote ulipo, muulize mwanao maji ya nyumbani kwenu yanatoka wapi. Akikuonesha bomba, vaeni viatu mtoke pamoja.

Wabillahi tawfiq.