Kuhama Windows: kurasa za shajara

Mombasa, Jumamosi 18 Oktoba 2025

Windows 10 iliachwa bila masasisho ya kawaida Jumanne, na 11 haiitaki kompyuta yetu: Ryzen 5 1600 haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa. Kadi ya picha ya RX 580 bado ina nguvu, RAM ipo ya kutosha. Sikubali mashine nzima namna hii iitwe chuma chakavu. Tunahamia Linux. Mchana ni yangu, tafsiri na hesabu za duka. Usiku ni ya kijana wangu na magemu yake. Lazima ichaguliwe itakayotufaa wote wawili.

Jumanne 21 Oktoba

Watu wanagombania majina ya distro, yaani aina za Linux, na swali lenyewe ni unataka mambo yabadilike mara ngapi. Arch haina matoleo, vifurushi vipya humiminika tu. Fedora hutoa toleo kila baada ya miezi 6 hivi. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na itatunzwa hadi 2029. Kwa nyumba inayonunua bando, tofauti hiyo inaonekana mfukoni.

Husemwa kwamba mcheza gemu lazima awe na distro mpya kabisa. Kwetu sioni sababu. Proton, ambayo Valve waliitoa 2018 ili magemu ya Windows yaendeshwe kwenye Linux, huja na Steam yenyewe, duka lao la magemu, uwe Mint au Fedora. Ndani yake mna Wine, na DXVK inayogeuza maagizo ya Direct3D kuwa ya Vulkan. Kadi iliyotoka juzi ingehitaji kerneli na Mesa (madereva ya picha) za karibuni. RX 580 ni ya 2017, Linux inaijua vizuri, na dereva wake umo tayari ndani ya kerneli. Wenye Nvidia ndio wana kazi ya kuongeza dereva.

Jumamosi 25 Oktoba

Tumezijaribu distro kwenye flashi bila kugusa diski. Uzuri mkubwa huu: unaiwasha, unasikiliza sauti, unaangalia Wi-Fi na printa, ukiondoka hujaharibu kitu.

Kuna pia kuchagua sura ya eneo-kazi. Kijana kaipenda KDE Plasma, hasa aliposikia kwamba ndiyo iliyomo kwenye Steam Deck. Inakuachia ugeuze karibu kila kitu. Mimi nimeichagua Cinnamon: menyu iko chini kushoto, madirisha yanakaa unapoyaweka, na mama akitaka kuandika barua hataniita. GNOME ni nzuri kwa macho, lakini inataka mikono ijifunze njia mpya, nami nina kazi za watu mezani.

Jumapili 2 Novemba

Ni Mint, yenye Cinnamon. Nilimweleza kijana yote kabla ya kufuta Windows, maana si haki ajue baadaye. FC, gemu lake la mpira, haitafunguka kwa sababu ya programu yake ya kuzuia udanganyifu. GTA V atacheza hadithi tu. Ya mtandaoni imefungwa kwa Linux tangu BattlEye, programu nyingine ya aina hiyo, ilipowekwa Septemba 2024, ingawa BattlEye yenyewe inaweza kufanya kazi na Proton wenye mchezo wakiruhusu. Hakuna distro inayotibu hilo. Kakubali: FC ataicheza kwa binamu yake, kwenye PlayStation.

Euro Truck Simulator 2 ina toleo lake la Linux na inakwenda laini. Magemu mengine bado yako kwenye diski ya NTFS, ambayo Proton huisumbukia. Wiki hii nitanakili picha na faili kando, niifomati iwe ext4, kisha ayapakue upya usiku, bando likiwa rahisi.