Shosho Alipoingia Mbogani

Siku hizi ukitaja Karen watu huwaza mageti marefu na mbwa wakali. Mwaka 1986 sisi vijana wa Satellite tuliwaza kibarua tu. Tulitembea hadi Dagoretti Corner, tukadandia matatu ya Ngong, tukashuka Karen madukani na kumalizia kwa miguu hadi kwenye nyumba ya mawe iliyokuwa ikigeuzwa makumbusho.

Nyumba hiyo, Mbogani, ilijengwa 1912 na mhandisi kutoka Uswidi, Åke Sjögren. Karen Blixen wa Denmark na mumewe waliinunua 1917. Kahawa ikawakatalia, maana mahali pale ni juu mno na pana baridi. 1923 kiwanda kikateketea, na 1931 mama huyo akarudi kwao mikono mitupu. Serikali ya Denmark iliinunua nyumba 1964 ikaizawadia Kenya huru. Lakini tusidanganyane: kilicholeta watalii ni sinema ya 1985, ile ya Meryl Streep na Robert Redford, ambayo hata haikupigwa ndani ya nyumba hiyo bali kwenye nyumba nyingine jirani.

Kazi yetu ilikuwa kubeba samani na kufyeka nyasi. Baadhi ya vitu vilikuwa vya Blixen kweli, alivyomuuzia Lady McMillan alipofilisika, vikarudishwa. Vingine viliachwa na watu wa sinema. Ukivibeba begani huwezi kuvitofautisha; vyote vizito. Ninachokumbuka zaidi ni ngozi ya simba iliyotandazwa sakafuni na kichwa chake, meno nje. Kila tulipopita na kabati tuliiruka, hakuna aliyetaka kuikanyaga.

Makumbusho yalipofunguliwa nilimpeleka shosho. Wazazi wake walikuwa maskwota wa shamba lile: ili kuishi na kulima kipande chao, walimfanyia mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka. Shamba lilipouzwa walitakiwa kutawanywa. Blixen alibisha hodi kila ofisi ya serikali hadi wakapewa ardhi pamoja kwenye msitu wa Dagoretti. Hivyo ndivyo sisi tulivyokuwa watu wa Dagoretti.

Shosho alipita meza ya chakula, bilauri na sahani za Ulaya bila kusimama. Alisimama nje, kwenye jiwe la kusagia lililogeuzwa meza, vilima vya Ngong mbele yake.

“Hapa ndipo baba alikuwa akikaa chini, akingoja kusikizwa,” akasema.

“Ukae basi, shosho.”

“Nitakaa. Lakini niletee kiti.”

Nikakileta, akakaa, akaomba na maji.

Nyumba ile imetunzwa vizuri, sina neno. Wewe ukienda, usiishie sebuleni. Zunguka nyuma hadi jikoni, alikopikia Kamante Gatura, kisha muulize anayekutembeza maskwota walihamia wapi. Nauli ya kutoka kwao hadi pale haifiki bei ya tikiti.