Tangi la samaki lilivyonirudisha kwa baba

Ukiingia sebuleni kwangu hapa Tudor, Mombasa, hutakosa kuliona tangi la kioo lililo karibu na dirisha. Lina lita 200 za maji ya bahari, mawe machache na samaki wa mapambo. Wageni wengi hudhani nimeliweka kwa maringo. La hasha! Tangi hilo ni la baba yangu mzazi.

Baba alivua samaki kule Shimoni kwa zaidi ya miaka 40. Mkondo wa Pemba aliujua kama wewe unavyoujua ua wa nyumba yako. Miguu ilipomgomea, tulimleta mjini akae nasi. Miezi ya kwanza alikuwa mtu wa kuketi barazani tu, hasemi ila kuitikia salamu. "Shikamoo, Baba." "Marahaba, mwanangu." Basi, mazungumzo yetu yaliishia hapo.

Mke wangu, Mama Zainabu, ndiye aliyeutambua ugonjwa. "Baba Zainabu," aliniambia usiku mmoja, "mzee huyu ameikosa bahari." Ndipo tukanunua tangi, na samaki watano tukawapata kwa mfanyabiashara mwenye leseni ya kazi hiyo.

Siku hiyo hiyo mzee alivuta kiti akakaa mbele ya kioo. Alichagua rafiki, samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, akamwita Nahodha. Nahodha alikuwa akiuona tu mkono wa Baba, anapanda juu kungoja chakula. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie kwetu, nilimsikia mzee akicheka.

Lakini tangi, msomaji wangu, si pambo la kufutwa vumbi tu. Samaki hula humo na hunya humo humo. Uchafu wao hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria waishio kwenye mawe na mchanga huigeuza ikawa naitraiti, kisha naitreti. Hiyo naitreti si kali kama amonia, ila haina pa kwenda. Hurundikana kidogo kidogo kama madeni ya dukani. Dawa yake ni kutoa maji ya zamani na kutia mapya.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Tuseme naitreti imefika miligramu 80 kwa kila lita. Ukibadilisha sehemu moja kwa kumi ya maji, inashuka hadi 72. Hata ukirudia hivyo mara tano, bado itakuwa 47 hivi. Lakini ukibadilisha nusu ya maji kwa mpigo mmoja, inashuka hadi 40. Ndiyo sababu tangi likishachafuka, kuchota kikombe kimoja kimoja hakusaidii sana.

Na hapo ndipo taabu ilipokuwa. Nusu ya lita 200 ni lita 100. Hiyo ni mitungi mitano ya kutoa na mitano ya kuingiza, na kila mtungi una uzani wa kilo 20 na ushei. Kufikia mwisho nimeshabeba zaidi ya kilo 200, mgongo unawaka moto, zulia limelowa, na Mama Zainabu amenuna. Siku moja nilimwaga maji machafu kwenye bustani yake ya mchicha. Chumvi ile iliukausha wote. Sikwambii maneno niliyoyasikia jioni ile!

Mja akiogopa kazi, hatakosa kisingizio. Wiki hii nasahihisha mitihani, wiki ijayo kuna harusi, wiki ya tatu mgongo. Miezi mitatu ikapita. Maji yalipopungua kwa joto, nilikuwa nikiongeza ya bahari, nikidhani nafanya vyema. Kumbe maji yakigeuka mvuke, chumvi hubaki! Nilipaswa kuongeza maji matamu. Tangi likazidi kuwa kali kwa chumvi, nami sina habari.

Siku moja ya Aprili nikaona aibu. Nikatwaa mitungi, nikashuka hadi kwenye hori hapa karibu, nikachota upesi upesi na kubadilisha nusu ya maji kwa saa moja. Baba aliniangalia kutoka kwenye kiti chake. Alifungua mdomo kana kwamba ana neno, nami nikamwambia, "Pumzika tu, Baba, kazi hii naiweza."

Asubuhi yake samaki watatu walikuwa wakielea, Nahodha akiwa mmoja wao.

Mzee hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alimtoa Nahodha kwa kiganja, akamfunga kwenye kipande cha gazeti, kisha akarudi kuketi barazani. Kwa siku nne hakuligeukia lile tangi.

Siku ya tano nilikwenda nikaketi chini miguuni pake. Nikamwuliza, "Baba, nilikosea wapi?"

Alikaa kimya kitambo, halafu akasema, "Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Mito ikifurika, hori hujaa maji matamu, tope na taka za mji. Samaki wa mwambani ukamtia humo ghafla ataishi vipi? Mimi haya nayajua tangu utoto wangu. Lakini hukuniuliza, mwanangu. Tangu nije hapa hamniulizi kitu. Mwaniambia nipumzike."

Msomaji, maneno yale yalinichoma kuliko kifo cha samaki. Tulidhani tunamtunza mzee, kumbe tulikuwa tukimfuta.

Nikamweleza habari ya mitungi na mgongo. Akanitazama kama mwanafunzi mzito. "Ni nani aliyekwambia maji hubebwa?" aliuliza. "Maji huonyeshwa njia tu." Jioni hiyo hiyo alianza kutoa amri kama yuko chomboni, nami nikawa baharia wake.

Mpango wake ulikuwa hivi. Nje ya dirisha, barazani penye kivuli, fundi alijenga jukwaa la mawe lenye kimo kinachopita tangi. Jukwaa lazima liwe imara, maana pipa la lita 120 likijaa lina uzito wa watu wawili. Juu yake tuliweka pipa safi la plastiki lenye koki chini, ambalo halikuwahi kutiwa kemikali yoyote. Mpira mmoja hutoka kwenye koki na kupita dirishani hadi ndani ya tangi. Mpira wa pili hutoka tangini hadi kwenye mtaro ulio chini uani, mbali kabisa na mchicha. Ukishaujaza maji mpira huo na kuushusha, tangi hujitoa maji lenyewe. Hakuna ndoo, na hata stima ikipotea kazi haisimami.

Maji hatuyachoti tena horini. Tuktuk hutuletea kutoka bahari ya wazi, yakiwa yamechotwa wakati maji yamejaa, na kamwe si baada ya mvua. Mitungi hujazwa nusu tu ili mtu yeyote aweze kuinyanyua, na watoto humimina pipani kwa vibuyu vya lita tano, leo viwili, kesho vitatu. Haba na haba hujaza kibaba. Huyachuja kwa kitambaa safi, tukalifunika pipa, na kijipampu cha hewa huyakoroga yasivunde.

Kabla ya kufungua koki, hupima vitu viwili. Kwanza joto. Maji ya pipani na ya tangini yasipitane zaidi ya digrii moja. Pili chumvi, kwa kile chombo kiitwacho hidromita, ambacho husoma 1.025 hivi kwa maji ya bahari. Kisha tunazima pampu ya tangi isije ikazunguka pakavu. Kwenye kioo Baba alibandika utepe mwekundu unaoonyesha nusu. Maji yakifika hapo, mpira wa kutoa unainuliwa, koki inafunguliwa kidogo, na maji mapya yanaingia pole pole. Mpira usiachwe bila mtu hata dakika moja, la sivyo utaogelea sebuleni.

Nanyi wasomaji wa Nairobi, Eldoret na kwingineko kusiko na bahari, msikate tamaa. Kuna chumvi maalumu ya matangi inayouzwa ikiwa kavu. Kiasi chake ni gramu 35 hivi kwa lita, yaani kilo tatu na nusu kwa lita 100, lakini fuata maagizo ya pakiti. Tia chumvi kwenye maji, koroga kwa pampu siku nzima, na hakikisha maji ya mfereji yameondolewa klorini. Chumvi ya jikoni haifai kwani imekosa madini mengi ya baharini. Na huko kwenye baridi, zima kipasha joto na ungoje robo saa kabla ya kushusha maji, kisije kikapasuka kikiwa nje ya maji.

Siku hizi kila Jumapili ya pili tunabadilisha maji kabla ya chai ya saa nne. Mama Zainabu hukaa na kitambaa mkononi, ingawa kwa kawaida hakilowi. Watoto hushika mipira. Baba huketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, mkono juu ya koki, kwani kuifungua hakuna ruhusa isipokuwa yeye.

Tulinunua samaki mwingine wa chungwa. Nilimwuliza Baba tumpe jina gani, naye akasema huyu bado ni baharia tu, akikaa mwaka mmoja tutaona.

Hivyo basi, msomaji, ikiwa kuna kazi nyumbani unayoikwepa kwa sababu ni nzito, huenda uvivu si kosa lako peke yake. Pengine njia ndiyo mbaya. Na kama kuna mzee barazani pako, kabla ya kumwambia apumzike, jaribu kwanza kumwuliza.