Baga za kunde na kidole gumba cha mzee

Mwenzenu nilipotea wiki mbili. Sikuumwa, na kazi bado ninayo. Nilikuwa nyumbani Ifakara, likizo yangu ya kwanza tangu nianze kukimbizana na habari za mahakamani, na katika siku zote hizo jambo kubwa nililolifanya ni kukaanga baga. Tena baga zisizo na nyama. Cheka kwanza, ukimaliza tuendelee.

Ilikuwa hivi. Ukitoka Dar kwa basi, ukifika Mikumi unaiacha barabara ya Iringa unakata kushoto. Unapita Kidodi, unapita Ruaha na Kidatu penye miwa mpaka macho yanachoka, halafu milima ya Udzungwa inakufuata upande wa kulia hadi unakaribia nyumbani. Kwetu mtoto anayetoka mjini hashuki mikono mitupu. Nikapita buchani, nikanunua kilo mbili za nyama ya ng'ombe, nikaingia uani kifua mbele. Mama akaipokea, akasema asante baba, kisha akanyamaza. Mama yangu si mtu wa kunyamaza.

Jioni ndiyo nikaelewa. Sinia limewekwa mkekani, wali umepanda kama kichuguu, wadogo zangu wameshanawa. Mzee amekaa pembeni kwenye kiti, mguu wa kushoto umeinuliwa juu ya stuli, kidole gumba kimevimba na kung'aa. Mapajani ana sahani yake peke yake: wali na matembele.

Gauti. Wazee wa pwani huiita jongo. Miezi minne imepita, na mimi kila wiki napiga simu naambiwa hatujambo.

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Ningekwambia ungefanya nini? Ungeandika gazetini?"

Ili uelewe kwa nini ile sahani ilinikaa rohoni, inabidi uijue nyumba yetu. Kwetu anayekula sahani yake peke yake ni mgeni au mgonjwa. Mzee ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na tangu nipate akili yeye ndiye aliyekuwa akigawa nyama sinia likiwa katikati. Kila mtu na finyango lake, mdogo anaanza, mama anapata la mfupa kwa sababu analipenda. Siku ile nyama niliyoinunua mimi aliigawa mdogo wangu wa kidato cha pili, kwa fujo, na mzee akawa anatazama upande wa banda la kuku.

Mama akanieleza usiku. Nyama nyekundu kaacha, bia kaacha. Hayo aliambiwa na daktari, na dawa anameza. Lakini maharage, kunde, choroko na mbaazi pia kaacha, na hayo hakuambiwa na daktari yeyote. Aliyapata kijiweni, kwenye bao. Mtu alimwambia maharage ndiyo mabaya kuliko hata nyama, akaamini. Mtu aliyefundisha sayansi darasa la sita! Sasa anakula wali na majani, samaki mara moja moja, na shingo imekuwa nyembamba hadi kola ya shati inacheza.

Mimi si daktari, ila kuuliza ndiyo kazi yangu. Nikampigia rafiki niliyesoma naye chuo, yeye alikuwa upande wa utabibu, akanielekeza nikasome utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2004 katika New England Journal of Medicine. Waliwafuatilia wanaume 47,150 wa Marekani kwa miaka 12. Waliokula nyama nyingi kabisa walikuwa na hatari ya kupata gauti iliyozidi kwa asilimia 41 ile ya waliokula kidogo kabisa. Samaki na wenzake wa majini nao waliongeza hatari. Lakini mboga na mikunde yenye purini nyingi (purini ndiyo mwili huigeuza kuwa asidi ya yuriki, ile inayoganda kama chembe za sukari ndani ya kiungo) haikuonekana kuongeza chochote. Maharage yalikuwa yamesingiziwa. Rafiki yangu akanionya kwamba wale walioangaliwa walikuwa hawana gauti bado, kwa hiyo nisiende kumlisha mzee debe zima, na dawa zake asiache hata siku moja. Lakini bakuli la kunde, alisema, mpe.

Nikamsomea mzee asubuhi. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Hao ni Wamarekani."

Nikajua hapo hoja peke yake haitoshi. Halafu kulikuwa na tatizo la pili ambalo hakuna utafiti unaolitatua. Kwetu kunde za kuchemsha ni chakula cha bwenini. Ningempikia sahani ya kunde ningekuwa nimemwongezea tu sahani nyingine ya mgonjwa, na wale vijana wawili wasingeacha nyama kwa ajili ya kunde hata kwa bakora. Nilitaka kitu ambacho wao wangekigombania. Mdogo wangu wa kike, aliyeko darasa la saba, alikuwa ameniuliza tangu nishuke kwenye basi kama kweli Dar watu hula baga kila siku. (Mshahara wa mwandishi haujui habari hizo.) Nikasema, basi kesho mtakula baga.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Nilichukua maharage mekundu ya mama, nikayachemsha hadi yakaiva, nikayaponda na mchuzi wake. Nikakwangua karoti na kabichi humo humo, nikatia chumvi, nikafinyanga, nikaweka kwenye mafuta. Zilikaa kama dakika moja, halafu zikaanza kuachana kama mkutano uliopigwa mabomu ya machozi. Nilipojaribu kugeuza nikabaki na uji wa kahawia. Mzee kwenye kiti chake akacheka mara ya kwanza tangu nifike.

"Mwandishi," akasema, "hiyo habari haina kichwa."

Mama aliyekuwa anapepeta mchele akasimama. Akauliza hicho ninachokitafuta si badia tu? Alijifunza badia za kunde miaka mzee alipofundisha Kilwa, kabla sijazaliwa. Unaloweka kunde, unazifikicha ganda litoke, unasaga, unapiga kwa mkono hadi unga uingie hewa, kitunguu, pilipili, unadondosha kwenye mafuta. Zanzibar badia hizi hutiwa hata kwenye urojo.

Nikabaki mdomo wazi, maana alikuwa na haki. Tukisikia baga ya mboga tunadhani ni mambo ya Ulaya, na kweli jina lina miaka michache: Gregory Sams alianza kuuza VegeBurger yake London mwaka 1982, na Oregon huko Marekani, miaka ya mwanzo ya 1980 hiyo hiyo, Paul Wenner mwenye mgahawa alikuwa akiyakusanya mabaki ya mboga na wali na kuyafinyanga, ikaja kuwa Gardenburger. Wali, umesikia? Sasa kunde ni zao la Afrika hii hii. Afrika Magharibi badia za kunde wanaziita akara, na watu waliochukuliwa utumwani walivuka nazo bahari hadi Bahia, Brazili, ambako mpaka leo zinauzwa mitaani kwa jina la acarajé. Mama yangu alikuwa hajui lolote kati ya hayo, lakini alijua kwa nini uji wangu haukushikana. Maji.

Basi tukaanza upya, yeye kocha mimi mchezaji. Kunde nusu kilo, zililala kwenye maji usiku kucha. Asubuhi maji yale tukamwaga (hilo hupunguza pia gesi tumboni, msije mkanilaumu ofisini), tukachemsha hadi ziive bila kupasuka, tukachuja na kuzianika kwenye ungo nusu saa hadi zikawa kavu kwa kushika. Nusu tukaponda kwenye kinu, nusu tukaziacha nzima nzima, maana ukiponda zote unapata kitu kama chakula cha mtoto asiye na meno. Karoti mbili zikakwanguliwa, mama akazifunga kwenye kitambaa akazikamua, na maji yaliyotoka yalijaza nusu kikombe. Nusu kikombe kizima, na mimi jana yake niliyaingiza yote kwenye mchanganyiko! Vitunguu viwili na kitunguu saumu havikuingia vibichi, vilikaangwa kwanza hadi vikawa vya rangi ya dhahabu. Pilipili hoho, bizari nyembamba, giligilani, pilipili manga, chumvi kidogo.

Gundi ndiyo ilinifurahisha. Mzee analima mpunga, SARO 5 wa kuuza na Supa kidogo wa kula wenyewe, na nyumba ya Kilombero haikosi kiporo cha wali. Vikombe viwili vya kiporo vikanyunyiziwa maji, vikapashwa moto, vikapondwa vikiwa vya moto hadi vikanata kama gundi ya bahasha. Halafu ukoko. Ndiyo, ukoko wa chini ya sufuria, uliokaushwa juani na kutwangwa, ukafanya kazi ya chenga za mkate. Wali una upungufu wa kile kijenzi cha protini kiitwacho laisini na kunde wanacho tele, kwa hiyo hawa wawili wanasaidiana tumboni pia. Yai moja likaingia. Ukitaka usitie, ongeza wali.

Mchanganyiko ukapumzika saa nzima kwenye bakuli lililokalishwa juu ya maji baridi. Mimi nilitaka kuruka hatua hii. Usiiruke. Tukafinyanga kwa viganja vyenye mafuta, unene wa kidole, zikatoka kumi na mbili. Kikaango cha chapati, mkaa usiowaka sana, mafuta vijiko viwili tu, na amri moja kutoka kwa mama: usiiguse. Iache ijifunge ukoko chini, ikiwa tayari itaachia yenyewe.

Hapa niseme jambo moja kwa wale watakaotaka kubadilisha kunde kwa maharage. Inawezekana, ila msiloweke tu na kusaga mabichi kama badia. Maharage, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili ambayo haifi kwa kukaangwa juu juu wala kwa moto mdogo. Loweka, mwaga maji, chemsha kwa moto mkali dakika kumi kwa uchache, kisha endelea hadi yaive. Mkaa ni ghali, najua. Kutapika usiku mzima ni ghali zaidi.

Haya, baga zimeiva. Tumenunua skonzi dukani, tumekata nyanya na vitunguu, limau limekamuliwa juu ya kachumbari. Mdogo wangu akaenda kutandika mkeka kama kawaida, kisha akasita. Mzee hawezi kukaa chini na mguu ule. Sikumwambia mtu kitu, na wala mama hakusema. Akaukunja ule mkeka mwenyewe, akaburuta stuli, akageuza ndoo, mimi nikakalia kinu, tukakizunguka kiti chake. Sinia akalipakata mzee magotini.

Akazitazama zile kumi na mbili. Akahesabu watu, kwa kidole, kama anaita majina darasani. Kisha akaanza kugawa, na mdogo ndiye aliyeanza.

Tulikuwa katikati ya kutafuna alipopita yule jirani wa kijiweni, mwenye elimu yake ya maharage. Karibu, karibu, mzee mwenzangu. Akapewa moja, akala, akapewa ya pili. Akauliza hii ni nyama gani, laini hivi.

"Kunde," akasema mzee.

Jirani akasimamisha taya. "Kunde? Na mguu huo?"

Mzee akanielekezea kidevu. "Muulize huyu. Kuna Wamarekani elfu arobaini na saba amewahoji."

Nimerudi Dar na kilo kumi za Supa. Mguu bado una siku zake nzuri na mbaya, na mwezi ujao anarudi hospitali kupimwa damu. Jana mama amepiga simu, anasema skonzi zimepanda bei kwa hiyo sasa wanakula bila skonzi, na mzee ameanza kulalamika kwamba ukoko wote unatwangwa, hapati wa kutafuna na chai.